Kidole Kimoja Kwenye 109

Kidole kimoja! Cha shahada, tena cha mkono wa kushoto. Land Rover 109 Series III imesimama kwenye kokoto, haisogei hata inchi, matairi ya 7.50-16 yamekanyaga chini kwa uzito wake wote, na usukani unazunguka kutoka mwisho wa kulia mpaka mwisho wa kushoto kwa kidole kimoja. Chini ya dashibodi kinasikika kimlio chembamba, mnnn, kisha kimya. Wenye Land Rover za zamani hawahitaji maelezo zaidi. Wasio nazo wawaulize baba zao habari za mabega.

Habari za gari hili zimezagaa Mbeya muda mrefu: kuna fundi Mwanjelwa, jirani na Sido, anaifungia Land Rover stelingi ya umeme ya Vitz. Watu walicheka sana. Vitz! Sasa limetoka gereji. Nimelikalia, nimelipandisha mlima wa Hamsini na Saba, nimelifikisha Iringa, na wale waliocheka naomba waje wajaribu wenyewe.

Gari lenyewe kwanza. Ni pikapu ya Series III, toleo ambalo kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilianza kulitoa mwaka 1971 na kulifunga 1985. Bodi ya alumini, grili ya plastiki, saa za dashibodi ziko mbele ya dereva badala ya katikati zilikokuwa kwenye Series II. Hiyo 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Dizeli yake ya asili ya cc 2,286 ilishastaafu siku nyingi. Chini ya boneti imelala 3L ya Hiace, cc 2,779, injini ambayo ukikwama nayo Makambako usiku wa manane bado utapata mtu wa kukuuzia pampu ya maji. Mwenye gari ni mkulima wa viazi upande wa Isyonje, mzee mpole wa maneno machache. Namba ya injini mpya inasomeka kwenye kadi ya gari. Nalisema hili kwa sababu magari mengi ya aina hii hayawezi kulisema.

Rangi ni ya kijani iliyofifia, na mlango wa kushoto hauendani na mwenzake. Safi kabisa. Mimi na Land Rover zilizong'arishwa za kupigia picha za harusi hatuelewani.

Haya, tuingie chini ya gari, maana uhondo uko huko.

Stelingi ya Series haikuzaliwa nzito kwa bahati mbaya. Fuata njia ya nguvu ya mkono wako. Unazungusha usukani, shafti moja nzima inashuka mpaka ndani ya stelingi boksi, boksi linasukuma mkono wa chuma, mkono unasukuma tairodi inayokwenda mbele pembeni ya injini, tairodi inafika kwenye kile ambacho mafundi wanakiita relei. Hapo ndipo penye kisa. Relei ni silinda iliyozamishwa wima ndani ya mhimili wa mbele wa chasisi. Ndani yake kuna spring yenye hasira, nayo inakandamiza bushi zilizopasuliwa dhidi ya shafti. Kazi yake ni kuleta msuguano, na msuguano huo umewekwa makusudi! Wahandisi hawakutaka magurudumu yaanze kutetemeka kwenye barabara mbovu na kumrudishia dereva kipigo mikononi. Kutoka relei nguvu inashuka kwenye tairodi ya pili, inafika gurudumu la mbele, kisha tairodi ya tatu inalivuta gurudumu la upande wa pili. Tairodi tatu, bolijointi sita.

Mpango mzuri, kwenye karatasi. Sasa upe miaka arobaini ya matope ya Mufindi na vumbi la Chunya. Relei inatakiwa iwe na oili ndani. Nani aliwahi kuiongeza? Inakauka, kutu inaingia, na ule msuguano wa makusudi unageuka mgando. Dereva anageuza usukani kama anayesukuma jiwe la kusagia, halafu anailaumu Land Rover. Kiwanda nacho hakikuwahi kuifungia Series pawa stelingi. Msaada wako wa pekee ulikuwa usukani wenyewe, mpana, inchi 17, ili mkono upate nyenzo ndefu.

Na bado watu waliziendesha! Misheni, mashamba ya chai, misitu ya Sao Hill, wakuu wa wilaya, wote walipita na mashine hizi. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalilazimika kupita huku huku, Iringa hadi Mbeya hadi Tunduma, kwenye barabara ya udongo ambayo madereva wa malori waliipachika jina la njia ya jehanamu, mpaka bomba la TAZAMA lilipoanza kazi 1968. Watu wa kizazi hicho ukiwaambia habari ya kidole kimoja wanakuangalia tu.

Fundi wetu, kijana mwenye mikono iliyojaa makovu ya waya za moto, alianza pale ambapo wengi wangemalizia. Aliing'oa relei. Aliyewahi kuing'oa anajua kwamba hilo si neno dogo: jeki kutoka chini, nyundo kutoka juu, moto wa gesi kuzunguka mhimili, na maombi. Alinionyesha ile ya zamani, bado ameihifadhi kwenye kona. "Hii ukiifungua kijinga, kaka, spring inaruka inakutoa meno," aliniambia, huku akinionyesha gunia alilolifunga kuizunguka kabla ya kuigusa. Akaweka relei iliyofanyiwa ukarabati, bushi mpya, oili mpya. Bolijointi zote sita mpya. Kingpini zimepimwa upya. Ndipo akaenda kwa wauza spea za mtumba kutafuta Vitz iliyogongwa nyuma. Nyuma, alisisitiza, siyo mbele, kwa sababu iliyogongwa mbele shafti yake huenda imejikunja.

Kwa nini Vitz? Kwa sababu ya jambo ambalo wenye Vitz wengi hawalijui: toleo la kwanza la gari hilo, lililotoka 1999, linatumia stelingi ya umeme iliyofungwa kwenye shafti, ndani ya kabini, juu ya miguu ya dereva. Hakuna pampu, hakuna mkanda, hakuna paipu za oili. Mota imeshikamana na shafti; kihisio kinapima unavyoukaza mkono, kompyuta ndogo inaamua, mota inasukuma. Wajapani waliuingiza mfumo wa namna hii sokoni mwaka 1988, kwenye kigari kidogo cha Suzuki Cervo. Pawa stelingi ya oili ni ya zamani zaidi. Chrysler waliiweka kwenye magari ya kuuzwa kwa watu mwaka 1951. Uzuri wa ile ya umeme kwa mtu wa gereji ni kwamba unaweza kuihamisha nzima nzima. Uholanzi na Uingereza kuna kampuni zinazouza seti zilizokwisha kutayarishwa kwa ajili ya magari ya kale. Sisi tuna Vitz, IST na Passo zilizogongwa kila kona ya mji.

Shafti ya Series, nimesema, ni moja kutoka usukani hadi ndani ya boksi. Lazima ikatwe. Hapo moyo wangu ulisimama kidogo, kwa sababu kwenye gari zima hakuna chuma ambacho kikikatika kitakuua haraka kuliko hicho. Nikaomba tochi nikalala chali. Chini ya mota kuna krosijointi mbili na kipande kifupi cha shafti katikati yake. Pale kilipoungana na shafti ya Land Rover, fundi mkerezaji wa Sido amechonga kikombe cha chuma chenye meno ndani, kimeingia kwa kubana, kimechomelewa kuzunguka, halafu kimetobolewa na kupitishwa boliti kutoka upande mmoja hadi wa pili. Weldi peke yake haikuaminiwa, na boliti peke yake haikuaminiwa. Ningeweza kumkumbatia yule kijana. Nimewahi kuona shafti zilizounganishwa ncha kwa ncha kwa weldi tupu, zikapakwa rangi nyeusi zikakabidhiwa kwa mteja. Ukiletewa kazi hiyo, usiipokee.

Umeme nao umetendewa haki. Mota ya aina hii ikisukuma magurudumu yaliyosimama inakula umeme mwingi kwa mkupuo, makumi ya ampea, na Series nyingi za zamani zilikuja na jenereta isiyoweza kulisha hata taa na redio kwa pamoja. Hapa alteneta ni ya 3L, waya mnene unatoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi kubwa, na ethi imefungwa kwenye chasisi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma kikawa cheupe. Fundi mvivu angeiunganisha kwenye swichi ya ufunguo akaiunguza wiki hiyo hiyo.

Barabarani sasa!

Mwanjelwa saa nne asubuhi. Bajaji, bodaboda, mama mwenye beseni la ndizi, Coaster inayorudi nyuma bila kutazama. Kwa kawaida 109 sehemu hii ni adhabu: unapunguza mwendo, unashika usukani kwa mikono miwili, unainua mgongo kutoka kwenye kiti, unavuta. Na sheria ya kwanza ya Series ni kwamba hugeuzi usukani gari likiwa limesimama. Unaliacha lisogee kidogo ndipo ulazimishe. Leo nimelipenyeza kati ya Fuso na kibanda cha chipsi kwa mkono mmoja huku wa pili ukinunua maji. Konda wa Coaster alitazama, akamwita mwenzake atazame. Mzee mwenye gari, kwenye kiti cha pembeni, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimwamkie.

Tukashika barabara kuu, Uyole, mteremko wa Inyala ambao malori mengi yameuogopa kwa haki, Igurusi, mpaka Chimala, kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu. Hapo unakata kulia, unatazama juu, unauona mlima.

Hamsini na Saba! Jina linatokana na idadi ya kona. Hamsini na saba, za kukunja kabisa, barabara ya udongo inayopanda ukuta wa Kipengere kutoka Chimala hadi Matamba, mlango mmojawapo wa kwenda Hifadhi ya Kitulo, ile bustani ya maua iliyopewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Watalii wanakwenda kuona okidi. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kona, na kama nchi hii ingetaka kujenga kiwanja cha kupimia stelingi isingepata pazuri zaidi.

Kona ya kwanza nikaingia kwa tahadhari ya kizee. Ya pili pia. Kufikia ya kumi nilikuwa naimba. Gia ya pili, nguvu ya 3L inavuta bila kulalamika, usukani unakunjwa mzima, mnnn, gari linageuka, unaunyoosha, unajiandaa kwa nyingine. Mikono yangu haikuchoka! Nimepanda mlima huu zamani na 109 isiyo na msaada wowote na kesho yake nilishindwa kuchana nywele.

Ila elewa jambo moja, na hili wauzaji hawatakuambia. Mota haifupishi kona. 109 inahitaji duara la zaidi ya mita 14 kugeuka, na itaendelea kulihitaji hata ukiifungia mota ya treni. Kwenye kona kadhaa pua ilifika ukingoni na ikabidi kurudi nyuma, bonde liko pale, mawingu yako chini yako. Na hapo hapo ndipo stelingi hii ilinilipa zaidi kuliko mahali pengine popote. Zamani, ili ugeuze magurudumu ilibidi uliache gari litambae kuelekea kule kule usikotaka kwenda. Sasa unakanyaga breki, gari limesimama kimya, unageuza usukani wote, unaweka rivasi, unarudi. Utulivu wa namna hiyo kwenye ukingo ule hauna bei.

Tulishuka na mzigo. Matamba kuna viazi, na mzee si mtu wa kupanda mlima akarudi mtupu. Lumbesa zilipangwa nyuma mpaka spring zikanyooka. Kupanda na mzigo, pua inakuwa nyepesi na hata Series ya kawaida hugeuka kwa urahisi kidogo. Kushuka ni kinyume: uzito wote unakuja mbele, unakaa juu ya magurudumu yale yale unayotaka kuyageuza. Hicho ndicho kipimo cha kweli. Mota ililia kwa sauti nene zaidi, usukani ukaongezeka uzito kidogo, lakini kidole kimoja kiligeuka mkono mmoja tu, haikufika miwili.

Chini, kabla ya lami, nikafanya jambo ambalo mzee hakulipenda. Nikasimamisha gari, nikachomoa fyuzi ya mota, nikaendesha. Nilitaka kujua siku umeme ukikata katikati ya kona itakuwaje. Jibu: unarudi kwenye Land Rover ya babu yako, na kidogo zaidi, kwa sababu sasa unazungusha pia gia za mota iliyolala. Nzito, nzito sana. Lakini chuma kimeungana kutoka mikononi mwako hadi barabarani, na gari linatii. Nikairudisha fyuzi haraka.

Barabara kuu ya kwenda Iringa ilinipunguzia furaha kidogo, na ni vizuri. Kompyuta ya Vitz imezoea kuambiwa mwendo wa gari ili ipunguze msaada kadiri unavyokimbia. Land Rover haina cha kuiambia. Kwa hiyo inabaki na msaada wa kiwango kimoja, mtamu sokoni, mwingi mno kwenye kilomita 80 kwa saa. Baada ya Igawa, kwenye nyoosho refu na upepo wa pembeni, na malori ya Tunduma yanapishana nawe moja baada ya jingine, usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Chafya moja tu na uko upande wa pili. Fundi anajua. Ameagiza kisanduku kidogo chenye kitufe cha kuzungusha, kinachoidanganya kompyuta kuhusu mwendo: zungusha huku mjini, zungusha kule safarini. Kwa macho yangu kazi hii haijakamilika mpaka kisanduku hicho kifungwe, na nisingelikabidhi gari hili kwa kijana wa miaka ishirini kabla ya siku hiyo.

Lalamiko jingine: usukani ni mvivu wa kurudi wenyewe. Ukitoka kwenye kona inabidi uunyooshe kwa mkono. Series haijawahi kuwa hodari kwa hilo, na msuguano wa mota umeongeza uvivu. La tatu ni goti langu la kushoto. Mota imekaa pale pale lilipokuwa likikaa. Mimi ni mrefu, wafupi hawatanielewa. Na usiku, tukiwa tumeegesha Mafinga, nikigeuza mpaka mwisho taa za mbele zilififia kiasi cha kuonekana. Alteneta kubwa zaidi, tafadhali.

Iringa. "Kamwene!" Nani alisema watu wa baridi hawachangamki? Habari zilikwisha kutangulia, na pale Ipogolo, chini ya kilima, karibu na daraja la Ruaha Mdogo, alikuwa akitusubiri mtu na Land Rover yake: Series IIA, 88, fupi, safi, yenye stelingi ya oili. Boksi limetoka kwenye Discovery ya zamani, pampu inazungushwa na mkanda wa injini, rejeta imesogezwa, mhimili wa mbele umekatwa na kuimarishwa upya, relei imeng'olewa moja kwa moja na haitarudi. Kazi kubwa, ya kikatili, ya kupendeza. Tukabadilishana funguo na kupanda zile kona za kuingia mjini, tukapita Miyomboni, tukafika Gangilonga.

Sitaficha: kwa hisia za mikono, ya oili inashinda. Usukani una uzito wa kiungwana, unarudi wenyewe, unaieleza mikono habari za barabara. Na boksi la namna hii lilitengenezwa kwa ajili ya gari la uzito wa Land Rover, wakati mota ya Vitz imefanywa ibebe kazi ambayo Toyota hawakuifikiria. Anayevuta tela la magogo Mufindi kila siku, jibu lake ni hili.

Halafu tukaegesha. Tukatazama chini ya gari lake: tone la oili nyekundu, jingine, jingine. Mwenyewe akacheka, akasema kopo la ATF halitoki kwenye gari lake. Na ile chasisi, ikishakatwa imekatwa. Ya umeme ukichoka nayo unatafuta shafti nzima ya Series, unaifunga, na gari linarudi lilivyotoka Solihull. Pale chini chasisi haijaguswa. Kwa gari linalozidi kuwa adimu, mimi naona hilo ni jambo zito.

Wapo wenye msimamo mkali watakaosema Land Rover yenye mota si Land Rover, na watakukumbusha kwamba Bert Shankland, dereva wa kutoka Tanzania, alishinda East African Safari mwaka 1966 na 1967 kwenye Peugeot 404 bila mota ya kumsaidia. Kweli. Lakini 404 ni gari jepesi, stelingi yake ni ya reki, fupi na ya moja kwa moja, haina relei wala tairodi tatu za kuzungushana habari. Na Shankland hakuwa na lumbesa nyuma.

Hukumu yangu, basi. Kwa 109 ya shamba, inayoshinda kati ya soko, mlima na nyumbani, stelingi ya umeme ni badiliko bora kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye Series, na naliweka juu hata ya injini ya 3L. Binti wa yule mzee, ambaye hakuwahi kuligusa gari hilo kwa sababu ya uzito, sasa ndiye anayelipeleka Uyole siku za soko.

Ukitaka ya kwako, usianzie kwa wauza Vitz. Anzia chini: relei, bolijointi sita, kingpini, halafu alaimenti. Nusu ya uzito unaoulalamikia itaondoka hapo kabla hujanunua mota. Kisha tafuta shafti iliyotoka na kompyuta yake na plagi zake zote bila waya kukatwa, agiza kile kisanduku cha kitufe mapema, na kabla ya kumlipa fundi lala chali na tochi uangalie kile kiungo. Kama huoni boliti iliyopita upande kwa upande, gari libaki gereji.